Jumatano: Unafanya Nini Hapa?

Soma 1 Wafalme 19:9–18. Mungu alimwuliza Eliya swali gani mara mbili? Je, jibu la Eliya lilibadilika mara ya pili?

Kipatimu, katika Milima ya Matumbi wilayani Kilwa, ni nchi ya vilima, mikorosho na mashamba ya ufuta. Ukipanda kilima asubuhi ya Sabato kabla jua halijawa kali, utasikia jogoo wa kijiji cha chini na pumzi zako mwenyewe, basi. Si kwamba vilima hivi havijaona shida. Ni huku Umatumbi, Nandete, mwezi Julai 1905, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na Vita vya Maji Maji vikaanza.

Eliya naye alifika Horebu akitoka katika mengi: moto wa Karmeli, vitisho vya Yezebeli, mwendo wa siku arobaini. Upepo, tetemeko na moto vikapita, ndipo ikaja sauti ya upole. Wengi wetu tukifundisha kisa hiki huishia hapo, kana kwamba utulivu ndio zawadi yenyewe. Lakini sauti ile ilileta swali, lile lile la kwanza, naye Eliya akajibu vile vile: amebaki peke yake. Mungu hakubishana naye. Alimwambia arudi alikotoka, akamtajia watu wa kuwaendea.

Mwaka mmoja, baada ya mauzo ya ufuta, nilipanda kilima nikiwa na hasira na kaka yangu kwa sababu ya fedha. Nilikwenda kumwomba Mungu ambadilishe. Nikaeleza kesi yangu vizuri, kisha nikaieleza tena. Sikusikia sauti yoyote. Ila nilipochoka kusema, niliona kule chini paa la nyumba yake na moshi wa jikoni, nikakumbuka magunia mawili ambayo sikuyataja katika sala yangu.

Nikashuka. Hakunikaribisha ndani, tuliongea tumesimama chini ya mkorosho. Hesabu hatukuifanya, maana ilikuwa Sabato. Tuliifanya Jumapili, na haikuwa rahisi.

Kwa tafakari: Ni jambo gani ambalo juma hili umemweleza Mungu zaidi ya mara moja, kwa maneno yale yale? Ni sehemu gani ya habari hiyo ambayo bado hujaitaja, na inamhusu nani?