Uzio wa Bwawa na Haki ya Mtoto wa Jirani

Mtu akichimba bwawa la kuogelea uani kwake, serikali ina haki gani ya kumdai kibali na uzio? Sheria ya mabwawa ya New South Wales, Australia, ya mwaka 1992, pamoja na kanuni zake, inadai kizuizi kisichopungua mita 1.2 na lango linalojifunga lenyewe. Dai hilo lina mizizi ya kale. Torati, katika Kutoka 21, humtwika fidia aliyeacha shimo wazi akatumbukia ng'ombe au punda wa mwenzake. Kumbukumbu la Torati 22 huamuru ukingo juu ya dari ya nyumba mpya. Fikihi ya Kiislamu nayo imejenga kanuni nzima juu ya hadithi inayokataza kudhuru na kudhuriana. Hoja ni moja: anayemiliki hatari ndiye mdhamini wake.

Wapo wanaosema mlinzi wa mtoto ni mzazi wake. Ni kweli, lakini mtoto mdogo huzama kimya kimya, ndani ya dakika chache, na hakuna mzazi asiyepitiwa. Ndiyo maana watafiti husisitiza uzio wa pande zote nne, unaolitenga bwawa hata na nyumba yenyewe. Wengine husema ajali ni kudura. Hao wakumbuke hadithi iliyopokewa na Tirmidhi: mwenye ngamia aliagizwa amfunge kwanza, ndipo atawakali. Basi uzio haupunguzi imani wala uhuru wa mwenye nyumba. Ni haki ya mtoto asiyeweza kujitetea, na sheria inafaa kuidai kabla maji hayajajazwa.