Kustahili na Kutumika

Swali la kale lingali linasumbua mioyo ya watu wa dini: je, mtu ajijuaye kuwa hastahili aweza kumtumikia Mungu? Mmoja huitwa kuongoza sala akasita. Mwingine huombwa kuzuru wagonjwa akatoa udhuru. Wa tatu hukataa kufundisha watoto kwa kuwa akumbuka makosa ya ujana wake. Wote watatu husifiwa kwa unyenyekevu. Lakini sifa hiyo yataka kupimwa kabla ya kukubaliwa, maana woga na kiburi pia huweza kuvaa kanzu ya unyenyekevu.

Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, katika njia itokayo Arusha kwenda Moshi, ni mahali panapofaa kupimia jambo hili. Jina lake latokana na mto ambao maji yake yana rangi ya chai. Meru ni mlima wa volkano, na maji yapitayo katika miamba yake huchukua madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita; maji ya mto huu hukipita kikomo hicho mara nyingi. Mtoto akuaye akiyanywa huota meno ya kahawia, na madini yakizidi mno, hata mifupa hudhurika. Hivyo hutokea mtu mzima akafunika kinywa kwa kiganja achekapo, akionea haya doa ambalo hakulitenda.

Hapa pana fundisho la kwanza. Si kila kujiona duni ni ushahidi wa hatia. Doa moja mtu amelitenda. Jingine amelipata kwa ardhi aliyozaliwa. La kwanza lataka toba. La pili lataka subira. Mwenye kuyachanganya hujihukumu kwa kosa lisilo lake, kisha hujinyima kazi iliyo yake.

Hata hivyo, upungufu si kitu cha kupuuzwa. Maji yenye madhara hayawi salama kwa sababu mtekaji ana nia njema. Vivyo hivyo, mwenye dhuluma mkononi hawezi kusema kuwa Mungu huwatumia wanyonge, kisha akaendelea kudhulumu. Kujiona hustahili kuna kazi yake: ni kumpeleka mtu penye kusafishwa, wala si kumfukuza penye kutumika. Musa alitaja uzito wa ulimi wake, na Isaya uchafu wa midomo yake. Hakuna aliyeambiwa kwamba amejidhania vibaya. Musa alipewa ndugu wa kusema kwa niaba yake, Isaya alitakaswa kwa kaa la moto, na wote wawili walikwenda.

Huko Ngurdoto, jirani na Maji ya Chai, serikali iliweka kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi katika maji. Njia moja iliyotumika ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya wanyama huchomwa kwa moto mkali penye hewa kidogo, huvunjwa kuwa chenga, kisha maji hupitishwa humo, na floraidi hunaswa. Kitu kilichokuwa cha kutupiwa mbwa huwa mlinzi wa meno ya mtoto. Mfupa haukujiteua wala haukujichoma; hauna la kujivunia, wala hauna haki ya kukataa.

Shukrani yazaliwa hapo. Ajionaye kuwa anastahili huupokea utumishi kama mshahara, na mshahara hudaiwa. Ajuaye kuwa hastahili huupokea kama zawadi. Anayekataa zawadi kwa kuwa yampita ukubwa ameifanya nafsi yake kuwa kipimo cha ukarimu wa Mpaji, na hicho ndicho kiburi chenye sauti ya upole.

Lakini mkaa wa mifupa nao hujaa. Muda ukipita hauwezi kunasa tena, na sumu hupita bila jicho kuitambua, lazima ubadilishwe. Mtumishi adhaniye kuwa utakaso wa jana wamtosha leo yu katika hatari hiyo hiyo. Kwa hiyo asiombe kuondolewa hisia ya kutostahili. Aombe imwamshe kila asubuhi, ashukuru, kisha aende kazini.