Rahisi kwa Nani?

Kigari cha mbio kilizaliwa kwa kubana matumizi. Mwaka 1956, huko California, Art Ingels alifunga injini ya mashine ya kukatia majani kwenye fremu ya mabomba, na mchezo ukapatikana. Hivyo fundi wa Ngamiani, Tanga, anayewaza kuing'oa injini ya petroli na kuweka mota ya umeme hakiuki asili ya kigari, anairejea. Betri nne za gari za volti 12, zikiungwa mfululizo, hutoa volti 48, nacho kigari huondoka. Moshi hakuna, kelele hakuna. (Wapo wasemao kwamba pasipo kelele hapana mbio, hao waachiwe huzuni yao.)

Swali gumu limo ndani ya zile betri. Zinapendwa kwa kuwa ni rahisi, ilhali zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Betri ya gari haikuundwa kukamuliwa hadi mwisho kila siku. Ikitumikishwa hivyo hufa mapema, ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mwenye kigari hudhani habari imekwisha.

Haikwisha Owino Uhuru. Katika kitongoji hicho cha Mombasa, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, kiwanda kilianza mwaka 2007 kuyeyusha betri kuukuu, na watoto wakakutwa na risasi katika damu. Kilifungwa mwaka 2014. Fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, waliyopewa wakazi na mahakama mwaka 2020, ilitenguliwa mwaka 2023 na kurejeshwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024.

Petroli nayo ilikuwa na risasi, hadi nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoiacha mwishoni mwa mwaka 2005. Lakini madhara yale yalitawanyika: dereva aliyavuta pamoja na mpita njia. Ya betri hukusanywa, yakapelekwa kwa jirani asiyeujua hata mchezo wenyewe. Madhara yaweza kupungua kwa hesabu yakazidi kwa dhuluma.

Je, vijana wa Tanga wangoje betri za lithiamu zishuke bei? Ushauri huo aghalabu hutolewa na wenye uwezo wa kuzinunua. Dereva wa bajaji ana udhuru wa riziki. Mcheza mbio hana, ila ana haki ya furaha, nayo si haki ndogo. Linalomlazimu ni kujua betri yake itakwenda wapi ikifa, na kuitia safari hiyo katika bei. Akishajumlisha, yamkini lithiamu, idumuyo zaidi, isionekane ghali kiasi kile. Yamkini pia ibaki ghali, na kigari kikaendelea na petroli yake msimu mmoja zaidi.