Magoti Yetu ni Amana



Hapa Garsen na katika vijiji vya Mto Tana wamo wazee walioinama miaka mingi katika mashamba ya mpunga, na wengine waliofuata ng'ombe tangu utotoni. Goti liumapo, wapo wasemao ni jini au uchawi wa jirani, na fedha ya posho huishia kwenye hirizi. Hili twalikataza. Ni dhuluma kwa asiye na hatia. Na kwa jirani zetu wa Kilifi tuhuma za uchawi zimekwisha kuua wazee. Tena ni kumpa mgongo Mtume wetu (s.a.w.), aliyetuamuru kujitibu.

Natutazame alichokiumba Mola. Ncha za mifupa ndani ya kiungo zimevikwa gegedu, kitu laini chenye utelezi, ambacho sehemu yake kubwa ni maji. Maji hayo yameshikwa baina ya nyuzi za kolajeni: za juu zimelala sambamba na uso wa gegedu, za chini zimesimama wima, zimejikita mfupani. Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwa hiyo huliwa kimya kimya, na likishaliwa ni zito kupona.

Eksirei huonyesha mifupa na nafasi iliyo baina yake, si gegedu lenyewe. Lakini kipimo cha MRI, ambacho kwa ajili yake Lauterbur na Mansfield walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2003, hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio kuiamsha haidrojeni iliyomo katika maji ya mwili. Kwa itikio lake tabibu huona gegedu lilipopungua, na hata nyuzi zilipoanza kuvurugika.

Hatusemi kila mwenye kuumwa goti afunge safari mpaka Mombasa kutafuta mashine hiyo. Gharama yake ni kubwa, na mara nyingi tabibu hutambua bila ya hiyo. Twasema aanze kwa tabibu, apunguze uzito uliozidi, wala asiache kutembea kwa kiasi, kwani gegedu hulishwa na ute wa kiungo kinapotumika.

Na asiyeweza kusujudu, aswali ameketi. Dini haikumtwika asiloliweza. Asione haya kuomba kiti msikitini. Tumefundishwa kuwa kila kiungo kina sadaka yake kila siku. Basi sadaka ya mwenye magoti mazima na iwe kumfuata mzee huyo nyumbani kwake, ampeleke hospitali.

Wabillahi taufiki.