Kitabu na Upanga

Wahenga walisema ya kuwa maneno makali hayavunji mfupa. Ni kweli, ugomvi wa majirani aghalabu huishia katika maneno, na kesho yake hupeana moto wa kuwashia jiko. Lakini yako maneno ya namna nyingine, yale yanayowafundisha watu nini haki na nini dhuluma, nayo yamekwisha kuangusha viti vya wafalme. Juma hili twapenda kutazama pamoja nanyi jinsi mawazo ya wanafalsafa yalivyosaidia kuleta Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789, tupate kujiuliza yatupasa nini sisi tulio wazazi na waumini.

Katika Ufaransa ya zamani zile watu waligawanyika katika madaraja matatu: wakleri, makabaila, na raia wote waliosalia. Hao wa daraja la tatu ndio waliobeba mzigo mkubwa wa kodi. Makabaila walisamehewa nyingi. Nalo Kanisa, lililokuwa na mashamba mengi, halikutozwa kodi za kawaida, bali lilimtolea mfalme zawadi ya fedha ambayo lenyewe liliikubali. Hatuna budi kulisema hili wazi, maana asiyeungama kosa hawezi kulitubu.

Ndipo wakatokea watu wa kalamu. Mwaka 1748 Montesquieu alifundisha ya kuwa mamlaka ya kutunga sheria, ya kuitekeleza na ya kuhukumu yasikae katika mkono mmoja. Kuanzia mwaka 1751 Diderot na wenzake walitoa kamusi kubwa ya elimu zote. Mwaka 1762 Rousseau alitoa kitabu cha Mkataba wa Jamii, akidai ya kuwa sheria ya haki hutoka kwa watu wenyewe. Baadhi ya vitabu hivyo vilipigwa marufuku, vingine vikachomwa moto, navyo vikazidi kutafutwa.

Tusidhani, hata hivyo, ya kuwa mkulima wa Ufaransa aliviacha jembe na shamba akaketi kusoma Rousseau. Yeye alikuwa na njaa. Mvua ya mawe ya Julai 1788 iliharibu ngano, bei ya mkate ikapanda, na hazina ya mfalme ilikuwa imelemewa na madeni ya vita. Mwanzoni mwa mwaka 1789 mfalme aliwaita watu wa kila parokia waandike malalamiko yao. Wakaandika habari za kodi ya chumvi, na za njiwa wa bwana waliokula mbegu shambani. Lakini waliokwenda Versailles kusema kwa niaba yao, wengi wao walikuwa mawakili na watu wa ofisi, nao walikuwa wamevisoma vitabu vile. Kile alichokiita mkulima shida, wao wakakiita dhuluma. Shida mtu huivumilia, akiitumaini kesho, dhuluma huikataa. Hivyo ndivyo mawazo yafanyavyo kazi: hayaleti njaa, bali huipa njaa jina na lugha. Tarehe 26 Agosti 1789 lugha hiyo iliandikwa katika Tangazo la Haki za Binadamu lenye vifungu 17.

Je, Mkatoliki aseme nini? Natukumbuke kisa cha Jean Calas, mfanyabiashara Mprotestanti wa Toulouse. Mwaka 1761 mwanawe alikutwa amekufa, na fununu zikaenea mjini ya kuwa baba alimwua ili asiingie dini ya Kikatoliki. Ushahidi haukuwapo. Tarehe 10 Machi 1762 mzee huyo alivunjwa viungo hadharani akafa. Ni nani aliyemtetea? Ni Voltaire, mtu aliyelichukia na kulidhihaki Kanisa letu. Aliandika, akashitaki, akasumbua wakubwa kwa miaka mitatu, hata mwaka 1765 hukumu ile ikatanguliwa. Sisi tunaosoma Injili ya Msamaria twajua maana ya jambo hilo. Walioujua mfano walipita kando. Mgeni ndiye aliyesimama.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Walikuja viongozi kama Robespierre, mwanafunzi wa Rousseau, waliodai kuyajua mapenzi ya taifa zima kuliko taifa lenyewe. Ikawa asiyekubaliana nao si raia mwenye kosa, bali ni adui wa watu. Katika miaka ya 1793 na 1794 watu wapatao 17,000 walihukumiwa wakauawa. Tarehe 17 Julai 1794 watawa Wakarmeli 16 wa Compiègne walikatwa vichwa mjini Paris. Siku kumi na moja baadaye Robespierre naye alikufa chini ya kisu kile kile.

Pwani yetu nayo ina ushahidi wake. Mwaka 1776, baadhi ya wanafalsafa hao wakiwa wangali hai, Mfaransa aitwaye Morice aliagana na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Tangazo la mwaka 1789 halikuwafungua. Sheria ya kukomesha utumwa ilipitishwa tarehe 4 Februari 1794, baada ya watumwa wa Saint-Domingue, ndiyo Haiti ya leo, kuinuka wenyewe. Na walowezi wa Mauritius na Réunion wakakataa kuitii. Mwaka 1802 Napoleon akaurudisha utumwa. Basi neno zuri kitabuni halitoshi. Lataka mtu wa kulitenda hata linapomgusa mfukoni.

Kanisa lenyewe lilichukua muda mrefu kuchambua ngano na magugu katika shamba hilo. Mwaka 1963 Baba Mtakatifu Yohane wa 23, katika barua yake ya Pacem in Terris, alizitaja haki za binadamu moja baada ya moja, na mwaka 1965 Mtaguso wa Vatikano ukatetea uhuru wa dini.

Enyi wazazi, watoto wenu watasoma, na mawazo mapya yataingia nyumbani mwenu hata mkifunga mlango. Msivichome vitabu, visomeni pamoja nao. Kwa kila wazo ulizeni mambo mawili: Je, lamwona maskini? Je, lamhurumia yule asiyekubaliana nalo? Likikosa la kwanza, ni wazo la mabwana. Likikosa la pili, limeficha kisu.

Nasi tujichunguze. Kibarua wetu amelipwa? Jirani wa dini nyingine akisingiziwa, twasimama naye? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mungu atujalie kuiona dhuluma iliyo mikononi mwetu na kuiondoa wenyewe, kabla mwingine hajaja kuiondoa kwa upanga.