MCHEZO WA MTOTO NI CHUO CHAKE

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad:

Ndugu zetu wengi wa pwani wamehamia Nairobi kwa kazi na biashara, na watoto wao wadogo huwapeleka chekechea. Ukitoka Msikiti wa Jamia katikati ya mji ukaelekea Westlands, Kilimani, Lavington mpaka Kawangware, utazikuta skuli hizo za kila namna, za majumba ya fahari na za mabati. Na lalamiko tulisikialo kwa wazee ni moja: "Twalipa ada, na mtoto kutwa yuachezea udongo!" Kwa sababu hiyo wengine humhamisha mtoto wa miaka minne, wakamtia mahali atakapokalishwa kuandika mpaka mkono umuume, ili apasi mtihani wa kuingilia darasa la kwanza.

Twasema: neno hili halikufikiriwa. Na tutazame afanyayo huyo mtoto. Atungapo shanga, vidole vyake vyajizoeza kushika kalamu. Apangapo vifuniko vya chupa kumi kumi, ajifunza hisabu kabla hajaijua tarakimu. Katika duka la makopo matupu huuza, hupokea na kurudisha chenji. Na mwalimu mwema papo hapo humfahamisha kwamba kupunja ni haramu. Hungoja zamu yake ya bembea, na huko ndiko kuzoea subira. Je, haya ni upuzi?

Wala dini haiyakatai. Mtume (S.A.W.) alirefusha sijida kwa kuwa mjukuu wake amempanda mgongoni, asipende kumharakiza. Alimuuliza mtoto Abu Umair habari za kindege chake alichokuwa akichezea. Umar bin Abi Salama alimfunza adabu ya kula pale pale penye sahani, kwa maneno machache. Na sala, iliyo nguzo ya dini, ametuagiza tuwaamrishe watoto wetu wafikapo miaka saba. Basi ikiwa sala yenyewe yamngoja mtoto, ni mtihani gani huo usioweza kumngoja?

Isidhaniwe pia kwamba jambo hili ni geni kwetu. Mombasa, tangu mwaka 1986, Bi Swafiya Said, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, alifanya kazi ya kuunganisha mafunzo ya chekechea na ya madrasa, na kazi hiyo ikaenea mpaka Zanzibar na Uganda. Na mtaala wa serikali, ulioanza kutumika nchi nzima Januari 2019, umeyaweka mafunzo ya dini, na ya Kiislamu yamo, katika madarasa ya watoto hao.

Lakini mtaala ni karatasi. Mtu ndiye afundishaye. Kwa hivyo, enyi wazazi mlioko Nairobi, kabla ya kuuliza ada na rangi ya sare, ulizeni: Ni nani atakayemfundisha mtoto wetu dini yake hapa? Asipokuwapo, unganeni mumtafute. Na wewe baba utokaye alfajiri na kurudi mtoto amelala, jua kwamba hukuinunua ruhusa ya kuuacha ulezi kwa kulipa ada. Mtengee wakati wako, umsikilize, ucheze naye. Kwani kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe, na awajaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu. Amin.