Picha ya Bonde na Haki ya Sikio

Anayeiacha barabara ya Chake Chake na Wete maeneo ya Ole, akateremka kwa miguu kati ya mikarafuu, hachelewi kulikuta bonde la mpunga. Pemba ndivyo ilivyo, vilima vifupi na mabonde katikati yake, na mabaharia wa Kiarabu hawakukosea walipokiita Kisiwa cha Kijani. Siku hizi mpitaji hutoa simu kabla hajasimama sawasawa. Je, anayelipiga picha bonde hilo amelitazama kwa namna tuliyoamrishwa kuutazama ulimwengu?

Uhalali wa picha yenyewe haunishughulishi sana. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mchoraji aliyemwendea Ibn Abbas kuulizia kazi yake, naye akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914, alikwenda mbali zaidi: kwake kamera huzuia tu kivuli cha kitu ambacho Mungu amekwisha kukiumba. Wapo wanazuoni wasiomkubalia kuhusu sura za watu na wanyama, na hoja zao ni nzito, lakini mpunga na mikarafuu haimo katika ugomvi huo.

Uzito uko kwingine. Katika Sura An-Nahl, aya ya 78, Mwenyezi Mungu anatukumbusha neema alizotupa tulipotoka matumboni mwa mama zetu bila kujua lolote, na anaanza na kusikia, kisha kuona, kisha moyo. Katika Al-Israa, aya ya 36, tunaonywa kwamba vyote vitatu vitaulizwa. Amana ni tatu, na kamera inahudumia moja. Mwaka 2017 Alixandra Barasch na wenzake walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba watu walioruhusiwa kupiga picha walikumbuka zaidi walichokiona, lakini walichokisikia walikikumbuka kidogo kuliko wasiopiga. Jicho lilipata faida, sikio likalipa gharama.

Na bonde la Ole, zaidi ya mengi, ni la kusikilizwa. Tunaliita tulivu, ila utulivu wake umejaa sauti. Mpunga ukishatoa mashuke kuna watu wa kuamia ndege: mtoto yuko juu ya dungu, anapiga kelele, anatikisa kamba yenye makopo, ananyamaza, anaanza tena. Jirani, huko Kidike, popo wa Pemba, wasiopatikana kwingine duniani, hugombana mitini mchana kutwa. Kwenye picha hao ni madoa meusi matawini, na mtoto wa dunguni haonekani kabisa. Bonde linatoka kama pahala pasipo mtu, ilhali kila jaruba lina mwenyewe. Hapo ndipo picha, bila kusema uongo wowote, inapotufundisha jambo lisilo kweli, na sikio ndilo lingetusahihisha.

Atanijibu mtu kwamba kamera humfundisha mtu kuona, na hilo lina ushahidi. Linda Henkel, katika utafiti wake wa 2014, aligundua kwamba waliopiga picha za vitu vya makumbusho walivikumbuka kidogo kuliko waliovitazama tu, lakini waliokisogelea kipande kimoja cha kitu kwa lenzi hawakupata hasara hiyo. Nakubali, na kwangu hilo linatia nguvu hoja: kilichowaokoa ni kule kukusudia. Aliyechagua shuke moja, au ukingo wa jaruba, amekwisha kufanya kazi ya moyo. Lakini hata yeye bado anadaiwa na sikio.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la Wapemba wa Muscat, Mombasa na London, ambao picha ya bonde la kwao ndiyo njia pekee waliyobakiwa nayo. Nani atawanyima? Mimi siwanyimi. Anayewapigia anabeba amana ya watu wengine pia, na kwa hiyo wajibu wake unazidi: asimame kwanza simu ikiwa mfukoni, asikilize hadi ajue nani yuko bondeni, amtolee salamu na kumwomba ruhusa aliye jarubani, ndipo apige. Akiwatumia picha, awaandikie pia ni nani alikuwa akiamia na mpunga umefikia wapi. Walioondoka wakiwa wakubwa watauliza hayo kabla ya kuisifia rangi ya majani.